Watatu Mbele, Watatu Nyuma: Hesabu ya Viti katika Gari Dogo la Familia

Familia ya watu sita inapotaka kununua gari, swali la kwanza huwa ni fedha, na la pili huwa ni nafasi. Katika kata ya Kashaulili, iliyo katikati ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi, maswali hayo mawili hukutana mapema. Gari kubwa huuzwa kwa bei kubwa na hunywa mafuta mengi. Gari dogo la viti vitano humwacha mtu mmoja bila kiti. Njia inayofuatwa na wengi ni ya mkato: mtoto wa mwisho hupakatwa. Kwa kuwa desturi hiyo imezoeleka, ni wachache wanaojiuliza kiti kinachokosekana ni kitu gani hasa, na hasara ya kukikosa humwangukia nani.

Wahandisi wa magari wamelihangaikia swali hilo kwa zaidi ya nusu karne. Jibu moja kati ya majibu yao, lisilo la kawaida lakini lenye mafunzo mengi, ni gari la Honda Edix, lililoanza kuuzwa nchini Japani mwaka 2004 na ambalo katika nchi za Ulaya lilijulikana kwa jina la FR-V. Gari hilo lina urefu wa takriban mita 4.29 tu, yaani ni fupi kuliko magari mengi ya familia, na bado lina viti sita kamili: vitatu mbele na vitatu nyuma. Kulichunguza gari hili ni kujifunza namna urefu, upana na uzito vinavyoshindana ndani ya chombo kimoja. Hayo ni mambo ya kumfaa kila mwenye gari, hata ambaye hataliona gari hilo maishani mwake.

Tatizo la mhandisi

Gari ni sanduku linalotembea. Sehemu ya mbele ya sanduku hilo huchukuliwa na injini, na sehemu ya nyuma huachwa kwa ajili ya mizigo. Katikati hubaki chumba cha watu. Mtu mzima aliyeketi huhitaji urefu wa karibu mita moja kutoka mgongoni hadi miguuni, na upana wa karibu nusu mita kutoka bega hadi bega. Kwa hiyo safu mbili za viti hudai urefu wa takriban mita mbili, na safu tatu hudai takriban mita tatu, isipokuwa watu wakunje magoti au waketi wima zaidi.

Mhandisi anayetakiwa kuongeza abiria bila kurefusha gari ana njia tatu tu. Ya kwanza ni kubana safu ili magoti yakaribie viti vya mbele. Ya pili ni kula nafasi ya mizigo, ili safu ya tatu iwekwe mahali ambapo buti lingekuwa. Ya tatu ni kupanua gari, ili kila safu ichukue watu watatu badala ya wawili. Hakuna njia ya nne. Kila gari dogo lenye viti vingi linalopita katika mitaa ya Mpanda limefuata mojawapo ya njia hizo, au limezichanganya.

Mambo ya kale yaliyorudi upya

Msomaji mwenye umri mkubwa atakumbuka kwamba kuketi watu watatu mbele si jambo geni katika Afrika Mashariki. Gari la Land Rover, lililotolewa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1948, lilikuwa na viti vitatu mbele, na dereva aliketi ubavuni mwa abiria wawili. Katika matoleo yake marefu, abiria wa nyuma waliketi katika mabenchi ya ubavuni wakitazamana. Magari ya namna hiyo yalizifikia wilaya nyingi za mbali kabla ya barabara za lami. Mpangilio wake ulitokana na mahitaji ya shamba na safari. Starehe haikufikiriwa sana, na usalama wa abiria katika mgongano haukuwa sayansi iliyokomaa.

Njia ya safu tatu nayo ina historia ndefu. Mwaka 1956 kampuni ya Fiat ya Italia ilitoa gari liitwalo 600 Multipla, lenye urefu wa mita 3.53 tu na injini ndogo ya sentimita za ujazo 633 iliyowekwa nyuma. Ndani ya umbo hilo dogo waliketi watu sita, wawili wawili katika safu tatu. Siri yake ilikuwa kumsogeza dereva mbele kabisa, hata akaketi juu ya magurudumu ya mbele. Kilichotolewa kafara kilikuwa kinga: mbele ya magoti ya dereva hapakuwa na injini wala nafasi ya kupondeka, bali bati tu.

Katika Kenya na nchi jirani, gari la safu tatu lililojulikana zaidi lilikuwa Peugeot. Aina ya 404 ilijipatia sifa kwa kushinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mrithi wake, 504, alipewa toleo la familia mwaka 1971, nalo likawa chombo mashuhuri cha kusafirisha abiria kati ya miji. Wahandisi wa Peugeot hawakudanganya hesabu. Ili kupata safu ya tatu, walirefusha umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kutoka mita 2.74 hadi mita 2.90, na urefu wa gari zima ukafika karibu mita 4.80. Waliotaka abiria zaidi walilipa kwa urefu zaidi.

Kwa nini safu tatu zimeenea

Magari mengi ya familia yanayoonekana leo Kashaulili yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko. Hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, kisha husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kufika Mpanda. Miongoni mwa magari ya namna hiyo yanayofahamika sana Tanzania ni Toyota Ipsum, iliyoanza mwaka 1996, na Toyota Wish na Toyota Sienta, zote za mwaka 2003. Haya kwa kawaida hupangwa kwa namna moja: wawili mbele, watatu katikati, wawili nyuma. Huu ndio mpangilio uliokwisha kuzoeleka, hata wengi hudhani kwamba hakuna mwingine.

Sababu ya kuenea kwake haimo katika fizikia pekee, bali pia katika sheria za nchi yalikotengenezwa. Nchini Japani gari huhesabiwa kuwa dogo iwapo urefu wake hauzidi mita 4.70, upana wake hauzidi mita 1.70, kimo chake hakizidi mita 2.00, na injini yake ya petroli haizidi sentimita za ujazo 2,000. Kabla ya mwaka 1989 magari yaliyovuka mipaka hiyo yalitozwa kodi kubwa zaidi. Mabadiliko ya kodi ya mwaka huo yalilegeza tofauti hiyo, lakini daraja lenyewe lilibaki, pamoja na barabara nyembamba na maegesho finyu ya miji ya Japani. Ndiyo maana Sienta, na Wish ya injini ndogo, zina upana wa mita 1.695: zimekatwa milimita tano tu kabla ya mpaka.

Katika upana huo watu watatu wazima hawawezi kukaa mbele pamoja na dereva anayehitaji kuzungusha usukani kwa uhuru. Mhandisi aliyefungiwa upande wa upana alibaki na njia moja, nayo ni kwenda nyuma. Hivyo sheria iliyotungwa kwa ajili ya mitaa ya Tokyo imeamua mahali anapoketi mtoto katika safari ya kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga.

Edix ilivunja mpaka huo kwa makusudi. Upana wake ni karibu mita 1.80, na kwa sababu hiyo huhesabiwa katika daraja la magari makubwa ingawa ni fupi kuliko Wish kwa zaidi ya sentimita 25. Kampuni ya Fiat ilikuwa imekwisha kujaribu njia hiyo mwaka 1998, ilipotoa Multipla mpya yenye urefu wa karibu mita 4.00 na upana wa mita 1.87, nayo ikiwa na viti vitatu mbele na vitatu nyuma. Magari yote mawili yalisifiwa na watumiaji wake kwa werevu wa mpangilio. Hakuna hata moja lililoenea kama yale ya safu tatu.

Mabega yanayopishana

Hata kwa upana wa mita 1.80, unene wa milango ukiondolewa, chumba cha ndani hubakiwa na karibu mita moja na nusu. Mabega ya wanaume watatu wenye miili mikubwa huweza kujaza nafasi hiyo yote. Wahandisi wa Honda walilitatua tatizo hilo kwa kukiruhusu kiti cha katikati kiteleze nyuma kuliko viti vya pembeni: sentimita 27 katika safu ya mbele, na sentimita 17 katika safu ya nyuma. Viti vitatu vikaunda umbo la herufi V. Mabega hayakutani tena katika mstari mmoja, bali hupishana kama vigae vya paa, ambavyo kila kimoja hupata nafasi kwa sababu jirani yake amesogea kidogo.

Ili miguu ya abiria wa katikati ipate pa kukaa, mkono wa gia uliondolewa sakafuni ukawekwa kwenye dashibodi. Kiti cha katikati kisipotumika, mgongo wake hukunjwa ukawa meza. Na kwa kuwa hakuna safu ya tatu, nyuma ya abiria hubaki buti la kweli, lenye nafasi ya zaidi ya lita 400. Katika gari dogo la safu tatu hali ni tofauti: viti vyote saba vikikaliwa, buti huwa limekaribia kutoweka.

Nafasi si ruhusa ya kubeba

Hapa ndipo mwenye gari hukosea mara nyingi, naye hukosea kwa sababu macho huona ujazo wala hayaoni uzito. Gunia la mahindi la kilo 100 huchukua nafasi ya takriban lita 140. Kwa macho, buti la lita 400 huweza kumeza karibu magunia matatu. Lakini je, gari laweza kuyabeba?

Katika utaratibu wa Japani, uzito kamili wa gari hukadiriwa kwa kuongeza kilo 55 kwa kila kiti juu ya uzito wa gari tupu. Gari la viti sita huhesabiwa kubeba kilo 330, na la viti saba kilo 385. Chukua familia ya wazazi wawili wenye jumla ya kilo 140, na watoto wanne wenye kilo 45, 35, 25 na 15. Jumla yao ni kilo 260. Katika gari la viti sita, kilichobaki ni kilo 70, yaani chini ya gunia moja. Familia hiyo ikipakia magunia mawili, inavuka hesabu kwa kilo 130, ingawa buti bado linaonekana kuwa na nafasi.

Uzito uliozidi hauonekani mara moja. Springi hujikunja kwa kadiri ya uzito unaoukalia, na tumbo la gari husogea karibu na ardhi. Gari ambalo likiwa tupu liliinuka sentimita 15 juu ya barabara huanza kugonga matuta na mawe. Tairi ambalo halina upepo wa kutosha hupindika zaidi kila linapozunguka, hupata joto, na joto hilo ndilo hulipasua katikati ya safari. Breki nazo hupewa kazi kubwa kuliko ile zilizopimiwa. Kiasi cha upepo kinachotakiwa kwa mzigo kamili huandikwa katika kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Hicho ni kisomo cha dakika moja chenye thamani ya tairi nne.

Mahali mzigo unapokaa

Uzito ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mahali ulipo. Gari huweza kufikiriwa kama wenzo ambao egemeo lake ni magurudumu ya nyuma. Mzigo uliowekwa nyuma ya egemeo hilo huinua upande wa mbele. Tuseme umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.75, na gunia la kilo 100 limewekwa sentimita 55 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gunia hilo huyapunguzia magurudumu ya mbele kilo 20, nayo ya nyuma huelemewa na kilo 120. Katika magari mengi madogo, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta na ndiyo yanayokata kona. Kuyapunguzia uzito ni kuyapunguzia mshiko, na katika barabara ya udongo iliyolowa mvua za masika, dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi.

Abiria wa safu ya tatu huketi karibu na juu ya ekseli ya nyuma. Jambo hilo lina athari mbili. Kwanza, uzito wao hubebwa karibu wote na magurudumu ya nyuma. Pili, miili yao hupokea kila pigo la ekseli hiyo. Magurudumu ya nyuma yakipanda tuta la sentimita 10, aliye juu yake huinuliwa karibu sentimita zote 10, ilhali aliye katikati ya ekseli mbili huinuliwa sentimita 5 tu. Mtoto anayelalamikia kichefuchefu katika kiti cha nyuma kabisa si mdekaji. Anasafiri katika sehemu ya gari inayotikiswa zaidi. Katika mpangilio wa watatu kwa watatu, abiria wote sita huwa kati ya ekseli mbili au karibu na hapo, na hilo ni faida isiyoandikwa katika matangazo ya biashara.

Pale buti linapokosekana, mzigo hupandishwa juu ya keria. Hesabu nayo ina neno la kusema. Uwezo wa gari wa kutopinduka hutegemea upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ukilinganishwa na kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme upana huo ni mita 1.48 na kitovu kiko sentimita 60 juu ya ardhi. Nusu ya upana ikigawanywa kwa kimo hutoa 1.23. Gari pana zaidi, la mita 1.53, hutoa 1.28, kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo gari linavyokuwa imara. Sasa weka kilo 60 juu ya keria ya lile gari la kwanza, lenye uzito wa kilo 1,700 pamoja na watu wake. Kitovu hupanda hadi karibu sentimita 64, na namba hushuka hadi 1.16. Mzigo huo mdogo wa juu umepoteza zaidi ya kile ambacho mhandisi angekipata kwa kulipanua gari sentimita tano.

Mtoto anayepakatwa

Swali la kiti kinachokosekana hujibiwa kwa ukali zaidi na fizikia ya mgongano. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri mita 13.9 kila sekunde. Likigonga kitu kigumu na kusimama ghafla, pigo lake ni sawa na la gari lililoanguka kutoka kimo cha karibu mita 10, yaani kimo cha nyumba ya ghorofa. Kasi ikiongezwa mara mbili, nishati ya mwendo huongezeka mara nne; katika kilomita 100 kwa saa kimo hicho huwa karibu mita 40.

Katika mgongano wa kilomita 50 kwa saa, gari na abiria waliofungwa mikanda huweza kusimama katika muda wa takriban moja ya kumi ya sekunde. Ili mtoto wa kilo 15 asimame pamoja nao, lazima ashikwe kwa kani iliyo sawa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Hakuna mikono ya mama wala ya baba iwezayo kushika kilo 200 kwa ghafla. Mzazi hamwachii mtoto kwa uzembe wala kwa kukosa upendo. Mtoto hupokonywa na kanuni ya Newton, kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kani fulani ikizuie. Na kama mzazi mwenyewe hakufunga mkanda, mwili wake humfuata mtoto kwa nyuma na kumbana.

Kiti katika gari, kwa hiyo, ni zaidi ya mto wa kukalia. Ni mto, mgongo, kishikizo cha kichwa, na mkanda uliofungwa kwa boliti katika mifupa ya gari. Mkanda wenye ncha tatu, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo ya Sweden, nao hutandaza kani ya mgongano juu ya kifua na nyonga, sehemu za mwili zilizo imara. Benchi lililoongezwa na fundi wa mtaani, au kigoda kilichowekwa kati ya viti viwili, hakina hata kimoja kati ya vitu hivyo. Ni mahali pa kukaa, lakini si kiti.

Mkanda wa mtu mzima nao haumfai mtoto mdogo, kwa sababu hupita shingoni na tumboni badala ya begani na kwenye nyonga. Mtoto huhitaji kiti chake maalumu au kiinuo kinacholingana na umri na kimo chake. Kiti cha mtoto mchanga kinachoelekea nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, maana mfuko huo hufumuka kwa nguvu ya kutosha kuua.

Lipi la kuchagua

Ingekuwa rahisi kusema kwamba mpangilio wa watatu kwa watatu ni bora kuliko wa safu tatu. Haki haiko hivyo. Mpangilio wa Edix humlazimisha mtu wa tatu akae mbele, na katika familia yenye wazazi wawili, mtu huyo huwa ni mtoto mkubwa. Kusogezwa nyuma kwa kiti chake sentimita 27 humweka mbali zaidi na dashibodi, na katika mgongano umbali ni muda. Hata hivyo watoto wako salama zaidi wakiketi nyuma. Safu tatu huwaweka watoto wote nyuma ya wazazi, lakini wawili kati yao huketi karibu na kioo cha mlango wa buti, mahali ambapo gari likigongwa kwa nyuma pana nafasi ndogo ya kupondeka kabla ya mwili wa mtu kufikiwa.

Upana nao una gharama zake. Gari pana hupata taabu katika vichochoro, na katika njia za vijijini ambako magurudumu hulazimika kufuata mifereji iliyochimbwa na magari yaliyotangulia. Lipo pia suala la vipuri. Edix zilitengenezwa hadi mwaka 2009, na hazikuwa nyingi. Toyota za safu tatu ni nyingi na mafundi wamezizoea. Gari lenye mpangilio mzuri lililosimama miezi miwili likisubiri kipuri halimsaidii mtu.

Lililo muhimu ni kwamba mnunuzi aingie sokoni na maswali yaliyo sahihi. Abiria wa kila siku ni wangapi, na wana kilo ngapi? Je, kila mmoja atapata mkanda wake, na mikanda hiyo yote bado inavuta na kushika? Viti vyote vikikaliwa, mzigo utawekwa wapi? Kama jibu la swali la mwisho ni juu ya keria, au juu ya magoti ya abiria, basi gari hilo halitoshi, hata kama muuzaji amehesabu viti saba. Na kwa familia ambayo tayari ina gari la viti saba, ipo faida kubwa isiyogharimu kitu: mnapokuwa watano tu, ikunje safu ya tatu, wote waketi mbele ya ekseli ya nyuma, na mzigo mzito ulazwe chini kabisa ukiegemea migongo ya viti.

Reli ya kutoka Kaliua ilipofika Mpanda mwaka 1950, kila abiria aliyepanda treni alikata tiketi, na tiketi ilihesabu watu. Gari la familia halina mkata tiketi. Asubuhi ya safari, uani kwa mtu Kashaulili, mwenye kuhesabu ni baba au mama aliyeshika ufunguo. Anayehesabu vichwa atawapakia wote. Anayehesabu mikanda ataona mapema kama kuna mmoja aliyezidi, naye atapanga safari mbili, au atamsindikiza mmoja hadi kituo cha basi. Hesabu hiyo ya pili ndiyo ambayo wahandisi waliifanya walipochora gari, na gari huweza kuwalinda wale tu waliohesabiwa.